Begi la Siku Tatu na Maafa ya Ziwani

Mwezi uliopita jirani yangu wa hapa Igogo, jijini Mwanza, mama anayeuza mchele na maharage kwa kipimo, alinionyesha kwenye simu picha ya begi la mgongoni lililosheheni vitu kama duka dogo: tochi, redio inayowaka kwa kuzungusha mpini, makopo ya nyama, filimbi, kisu cha kukunja na blanketi jembamba linalong'aa. Maelezo yalidai kwamba mwenye begi hilo anaweza kuishi saa 72 bila kumtegemea mtu. Swali lake lilikuwa fupi: "Hivi, mwalimu, hili lingemsaidia nini mtu wa huku kwetu?" Nilimjibu harakaharaka kwamba lingesaidia kidogo, kisha nikaona aibu, maana sikuwa na sababu ya kutosha ya kusema "kidogo". Nimeitafuta sababu hiyo tangu siku ile.

Wanaozungumzia kujiandaa kwa maafa huonekana kama watu wanaobishana, ilhali mara nyingi kila mmoja anajibu swali lake. Yupo anayehimiza begi na akiba. Yupo anayesema akiba huisha lakini ujuzi hauishi, kwa hiyo heri mtu ajifunze kuogelea, kuwasha moto na kutibu maji. Yupo anayehamia shambani na kisima chake, sola yake na kuku wake, akiamini kwamba siku mji utakaposimama yeye hatatikisika. Na yupo anayeyaona hayo yote kuwa ubinafsi tu, kwa kuwa, kwa maoni yake, kinachookoa watu ni majirani na serikali iliyojipanga. Ukiwaweka hawa wanne mezani wakushawishi, hutatoka na jibu. Fundo hufunguka pale unapouliza kwanza kuhusu mwendo wa janga lenyewe: je, linaua ndani ya dakika, linakata huduma kwa siku kadhaa, au linaila nyumba polepole kwa miezi?

Begi la saa 72 lina kwao. Limeenezwa zaidi na mamlaka za Marekani, nchi ya vimbunga na matetemeko, na hesabu yake inasimama juu ya dhana moja: kwamba waokoaji watakuja, ila huenda wakachelewa siku tatu hivi. Uswidi nayo, mwaka 2018, ilituma kijitabu cha kujiandaa kwa dharura na vita kwenye kaya zipatazo milioni 4.8, na katika toleo la 2024 ikazitaka kaya ziweze kujimudu kwa wiki moja. Uswisi ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya 1963 ilijenga mahandaki yanayotosha karibu wakazi wake wote. Nchi hizi hazimwambii raia ajitegemee milele. Zinamwambia ajishikize mpaka afikiwe, na kwa maana hiyo begi ni chombo cha kusubiria. Anayehamia shambani na kisima chake ana imani iliyo kinyume kabisa, yaani kwamba hakuna atakayekuja. Cha kuchekesha ni kwamba wafanyabiashara huwauzia wote wawili tochi ileile.

Huku kwetu majanga ya siku kadhaa yapo. Mto Mirongo, ambao wakati wa kiangazi hupita katikati ya jiji la Mwanza kama mfereji wa kawaida, mvua kubwa ikinyesha hupanda na kuingia katika nyumba za Mabatini, na maji hayo huja na taka za mlimani na vyoo vya watu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliwalaza watu nje kwa siku nyingi, wengine kwa kuwa nyumba zao zilianguka na wengine kwa kuogopa nyumba zilizobaki na nyufa. Kwa majanga ya namna hii akiba ya siku tatu ina maana, isipokuwa yaliyomo ndani ya begi inabidi yabadilike.

Tuanze na maji. Mtu anahitaji takriban lita tatu kwa siku za kunywa na kwa chakula, hivyo familia ya watu sita itahitaji lita 54 kwa siku tatu, yaani madumu matatu ya lita 20. Viwango vinavyotumika katika kambi za dharura huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku ukijumlisha kuoga na kufua, ambazo kwa familia hiyo ni lita 90 kila siku, na hakuna mpangaji wa chumba kimoja pale Mabatini mwenye nafasi ya kuzihifadhi. Lakini sisi tunaishi kando ya Ziwa Victoria, kubwa kuliko yote Afrika. Kinachotukwamisha ni usalama wa maji, kwa sababu mafuriko yakishachanganya vyoo na ziwa, kipindupindu hakiko mbali. Kwa hiyo katika mji huu dumu moja la maji safi pamoja na uwezo wa kutibu mengine vina thamani kuliko madumu kumi yaliyojaa. Maji machafu huchujwa kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha huchemshwa mpaka yatokote, au hutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi na kuachwa nusu saa. Mkaa ukikosekana, chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zikijazwa maji yaliyokwisha kuchujwa na kulazwa juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita, huua vijidudu vingi. Siku ya mawingu ziache siku mbili. Na kwa atakayekwisha kuharisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi ni tiba ya kumpa njiani akipelekwa zahanati. Hapa mwenye kuhimiza ujuzi amemshinda mwenye kuhimiza begi, wala si kwa sababu ujuzi ni bora kila mahali. Ni kwa sababu ziwa liko mlangoni.

Majanga ya miezi ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo ambayo watu wa Usukuma wameyafikiria kwa kina kuliko vitabu vingi vya kigeni. Njaa haiji usiku mmoja. Mvua za vuli zinachelewa, mahindi yananyauka yakiwa yamebeba, bei inapanda Januari, na kufikia Machi mtu anauza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya mbuzi. Bibi yangu wa Magu alikuwa na majibu kadhaa kwa jambo hili, na hakuna hata moja aliloliita "kujiandaa". Baada ya mavuno ya viazi vitamu alikuwa akivimenya, kuvikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba mpaka vivunjike vikikunjwa. Hiyo ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza, akavikata na kuvianika, vikawa matobolwa, ambayo sisi watoto tuliyaiba na kuyatafuna kama peremende. Viazi vibichi huoza ndani ya wiki chache, ilhali michembe iliyokauka vizuri hukaa miezi mingi kwenye kihenge. Kando ya nyumba kulikuwa na muhogo, ambao hauhitaji ghala kwa kuwa mizizi yake hukaa ardhini hata mwaka mmoja au zaidi baada ya kukomaa. Na wafugaji walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Ni utaratibu uleule ambao mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliutumia kuurudishia mkoa huo miti yake.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba bibi hakuwa anarundika. Alitawanya. Kihenge kikiingia wadudu, muhogo upo. Muhogo ukiharibika, ng'ombe yupo. Ng'ombe akifa, kuna binti aliyeolewa Geita. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kila akiba ina adui wake. Mahindi yana dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuingia nchini kupitia Tabora miongo minne hivi iliyopita, ambaye wakulima walimpa jina la Skania kwa jinsi anavyosaga. Muhogo una batobato, na una ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ni mbaya zaidi kwa kuwa huficha: shina linaweza kuonekana zima, ukichimba na kukata unakuta ndani kumeoza kama kizibo kilichochakaa. Mtu aliyehesabu shamba lake kuwa ndilo ghala anagundua siku ya njaa kwamba ghala liliibwa zamani. Ndiyo sababu mbegu zinazostahimili magonjwa, zinazotafitiwa pale Ukiriguru wilayani Misungwi, ni sehemu ya maandalizi ya maafa hata kama hakuna anayeziita hivyo.

Kwa anayeishi mjini na kununua chakula, hesabu ni hii. Ukikadiria gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, familia ya watu sita hula kilo 2.4, kwa hiyo gunia la kilo 100 huenda siku 40 na kitu, na miezi mitatu huhitaji kilo 216. Kununua gunia mbili na ziada baada ya mavuno, bei ikiwa chini, ni bima ambayo wengi wanaweza kuifikia kidogokidogo. Shida ni kuzitunza. Mwaka mmoja nilifungua gunia langu nikakuta nusu yake ni unga wa kijivu, na kosa lilikuwa langu: nilifunga mahindi yenye unyevu. Fundi mmoja wa kusaga alinifundisha kipimo ambacho wakulima wanakitumia hata vijijini. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi iliyokauka juani, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji kupita kiasi, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini, yamekaribia kuwa tayari. Yakikauka sawasawa, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa hufanya kazi iliyobaki bila dawa: wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Mahindi yenye unyevu yakifungwa humo huota ukungu, na ukungu huo huzaa sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika. Akiba mbaya, kwa hiyo, inaweza kudhuru kuliko kukosa akiba.

Sasa turudi kwa yule anayesema majirani ndio maandalizi. Ana ushahidi mzito. Katika tetemeko la Kobe, Japani, Januari 17, 1995, wengi wa waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na jamaa na majirani kabla ya vikosi rasmi kufika. Bangladesh ilipoteza watu zaidi ya 300,000 katika kimbunga cha 1970. Baada ya hapo ikaandaa watu wa kujitolea vijijini wenye vipaza sauti na bendera, ikajenga majengo ya kukimbilia, na kimbunga kikali cha 2007 kikaua maelfu machache. Nasi hatujaanza leo. Vyama vya kufa na kuzikana, VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, na walinzi wa jadi wa sungusungu walioanzia huku Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni mitandao ambayo nchi tajiri zingelipa fedha nyingi kuipata.

Hata hivyo mitandao hiyo ina mpaka ambao hauzungumzwi. Chama cha kuzikana kimeundwa kwa msiba wa nyumba moja: mmoja anafiwa, ishirini wanachanga. Ukame ukiwapiga wote ishirini kwa wakati mmoja, hakuna wa kuchanga, na ng'ombe wote wanapelekwa mnadani siku moja, ndipo bei inapoporomoka. Kikoba huishiwa hasa katika mwezi ambao kila mwanachama anataka kukopa. Kwa hiyo jirani anafaa sana kwa janga la dakika na siku, na hupungukiwa kwa janga la miezi lililotanda eneo zima. Huko anahitajika ndugu aliye mbali, mahali ambapo mvua ilinyesha, au serikali. Ndiyo maana ipo akiba ya nafaka chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Ningemshauri kila mkazi aulize katika ofisi ya mtaa wake ni nani wamo katika kamati hiyo, kwa kuwa kamati isiyojulikana na watu wake haitaitwa siku ya kuhitajiwa.

Kuna pia janga la polepole ambalo halina akiba wala jirani wa kulizuia, nalo ni ziwa lenyewe kupanda. Baada ya mvua kubwa za 1961 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili hadi 1964, na Mei 2020 likaipita kidogo alama ile ya 1964, likafunika mialo, mashamba na nyumba za waliojenga wakidhani ukingo hauhami. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi huiona kuwa ya usumbufu, lakini mita 60 katika mwambao tambarare ni umbali ambao ziwa limekwisha kuutembea.

Yanabaki majanga ya dakika, na hapa begi halina kazi yoyote. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza, wakafa watu wapatao 800. Septemba 20, 2018 MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka mita chache kabla ya gati la Bwisya kisiwani Ukara, na waliokufa walizidi 220. Novemba 6, 2022 ndege yenye watu 43 iliangukia majini ikikaribia uwanja wa Bukoba; watu 24 walipona, na waliotangulia kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia. Mtu anaweza kusema basi hapa jirani ameshinda, na ni kweli, lakini MV Bukoba inaongeza jambo gumu zaidi. Meli ile iliendelea kuelea kwa muda ikiwa kichwa chini, na ndani yake kulikuwa na watu hai. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, ikazama. Moyo wa kuokoa ulikuwepo. Ujuzi na vifaa vya kuokoa havikuwepo.

Kwa janga la dakika, kazi ya maandalizi ni kulifanya liwe la saa. Jaketi okozi hufanya hivyo hasa. Maji ya ziwa letu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 27 hivi, si kama bahari za kaskazini ambako baridi humuua aliyeelea ndani ya muda mfupi. Mvuvi aliyevaa jaketi lililofungwa vizuri anaweza kukaa majini saa nyingi akingoja mtumbwi mwingine. Asiye na jaketi, hata awe muogeleaji hodari, mawimbi mafupi yanayofuatana ya ziwa hili humchosha kabla hajaliona tanga la mtu. Nimeona jaketi zikitumika kama mito ya kulalia ndani ya boti, na sababu wanayoitoa vijana si ujinga: linabana mikono wakati wa kuvuta nyavu za dagaa, na mara nyingi mwenye boti amenunua mbili kwa watu wanne. Hilo halitatuliwi na mahubiri kuhusu usalama. Linatatuliwa na idadi na aina ya jaketi anazonunua mwenye boti.

Namna nyingine ya kurefusha dakika ni kujua mapema. Dhoruba za ziwani zina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, na mawingu ya mvua yakajikusanya bara; usiku mambo hugeuka, nchi hupoa, upepo kutoka pande zote huelekea ziwani na kukutana katikati, hewa yenye mvuke ikapandishwa juu, na radi zikawa nyingi zaidi saa za kuelekea alfajiri. Mvuvi wa dagaa, ambaye hufanya kazi usiku wa giza ili taa zake zivute samaki, yuko kazini hasa katika saa hizo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa ajili ya watumiaji wa ziwa, na utabiri huo una faida kama utamfikia mtu kabla hajasukuma boti, kwa redio au kwa ujumbe unaosomwa kwa sauti mwaloni.

Simu yenyewe ifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki pamoja na tochi na filimbi, na namba za dharura 112 na 114 ziwe vichwani mwa watu badala ya kuwa ndani ya simu iliyolowa. Lakini filimbi husikika umbali mfupi na mtandao hukatika karibu na visiwa vya mbali, kwa hiyo tegemeo kubwa linabaki nchi kavu. Kikundi cha usimamizi wa mwalo, kile ambacho wavuvi wanakiita BMU, kinaweza kuweka daftari la shilingi elfu moja lenye safu nne: boti, idadi ya watu, upande walikoelekea, na saa wanayotarajiwa kurudi. Boti iliyoandikwa kurudi saa moja asubuhi ikiwa haijaonekana saa tatu, mwenye daftari anaanza kupiga simu mwalo wa jirani, na injini ya kwanza iliyopo inawashwa. Nimempelekea mama wa mchele maelezo haya. Amenijibu kwamba begi hatanunua, ila ameuliza daftari hilo kwa mwalo wa mwanawe huwekwa na nani.